Mpe redio mbili kuukuu kwanza

Likoni, Mombasa

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Kumbe bintiyo ameanza kuuliza sauti zinapitaje hewani, nawe umeshaanza kuzunguka maduka ya Muscat kumtafutia mtambo wa redio ya ridhaa, ile ya watu wa kawaida kuwasiliana hewani kwa kupenda tu! Zishike kwanza hizo pesa.

Unazikumbuka zile redio zetu mbili? Ya mama, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke, na ile ya babako ya taarifa ya habari. Usiku, karibu na megahezi 7, ya mama ilikuwa ikinasa Morse, zile herufi za milio mifupi na mirefu, lakini bila mlio. Ilitoka pumzi tu, hu, hu-hu, kama mtu anayepuliza moto jikoni. Tukadhani imeharibika. Ndipo ukaleta ya babako, ukaiweka ubavuni, ukawa unaizungusha polepole, na mara ile pumzi ikageuka filimbi. Mwili ulinisisimka. Hatukujua sababu hadi fundi redio wa sokoni alipotueleza: ndani ya redio za namna ile mna saketi inayotoa mawimbi yake yenyewe, kilohezi 455, yaani megahezi 0.455, juu ya stesheni uliyofungua, nayo huvuja nje kidogo. Ya mama ikiwa 7.030, ya babako tukiishusha 6.575, uvujaji wake unaangukia palepale. Mawimbi mawili yanakutana, na tofauti yao ndiyo ile filimbi.

Miezi minane tulisikiliza tu. Mpaka leo naamini ile ndiyo iliyotufundisha redio kuliko mtihani wa leseni. Tulijifunza kuitenga filimbi moja katika tano, kungoja ishara iliyozama mpaka irudi, kuitambua radi ya masika kabla haijafika. Siku hizi Morse si lazima tena, maana mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2003 uliziachia nchi hiari, lakini kwa mwenye wati moja na waya mbovu sijaona njia nyingine inayofika mbali vile.

Na mtambo wetu ulikuwa wa wati moja kweli. Transista mbili juu ya kipande cha ubao, koili tuliyozungusha kwenye kikopo cha filamu ya kamera, kristali ya megahezi 14.060 iliyotoka Uingereza kwa posta. Tulilehemu kwa msumari mnene uliopashwa kwenye makaa. Kibonyezo kilikuwa kipande cha msumeno wa kukatia chuma, skrubu moja chini yake. Antena ni waya wa umeme, mita tano kila upande, kutoka mwembeni hadi kwenye paa la jirani. Leseni ilipotoka, na jina letu la hewani linaloanza na 5Z4 ya Kenya, nikaunganisha betri ya gari kinyume. Ile harufu ya transista naikumbuka hata sasa. Wiki sita tulingoja nyingine, na wewe hukunilaumu hata siku moja. Hilo sijalisahau.

Halafu jioni ile akajibu Mtaliano. Alitupa 339: anatusikia kwa taabu, dhaifu, ila mlio ni safi. Zaidi ya kilomita 5,000 kwa nguvu isiyowasha hata taa ya baiskeli! Ulikuwa umeshika daftari, na mkono ulikutetemeka hata ile 9 ya mwisho haisomeki. Ukurasa ule ninao.

Kwa hiyo mtafutie mtoto redio mbili kuukuu za masafa mafupi, daftari, na mita kumi za waya. Mtambo utafuata. Mpeleke pia kwenye chama cha redio cha huko, kipo tangu 1972, na marehemu Sultan Qaboos wa Oman mwenyewe alikuwa mwanaridhaa, akijiita A41AA. Hapo atapata watu wa kumshika mkono.

Kutoka hapa hadi kwenu ni kama kilomita 3,700, mruko mmoja tu wa wimbi angani. Jumamosi, saa kumi na moja jioni ya hapa, saa kumi na mbili ya kwenu, nitakuwa 14.060 nikiita CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, polepole, maneno matano kwa dakika. Redio ya pili aiweke 13.605. Aandike anachokipata, hata kama ni herufi mbili, kisha unipigie picha ya ukurasa.

Nisalimie nyumba nzima.

Nduguyo wa mwembeni