Kuhusu yule mbwa unayetaka kununua

Swahiba,

Usilipe hiyo adivansi. Salamu zitafuata, kwanza hilo, maana nakujua wewe ukishapenda kitu mkono unafika mfukoni kabla ya akili.

Haya, asalaam aleikum. Shemeji hajambo? Watoto? Voisi yako ya dakika kumi na mbili nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza niko barabarani na mizigo ya watu nikapitiliza njia ya kutokea nikazunguka maili sita, hiyo utanilipa. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu wewe humwachi mtu amalize sentensi.

Nimeelewa hivi: bosi wako wa shamba kalalamika sungura wanamla kabichi na ngano changa, kakwambia ukitaka kuwakamata kamata tu, na wewe ukakumbuka mbwa za babu yangu kule Handeni, Simba na Hayakuhusu, sasa umeona tangazo la greihaundi, yule mbwa mwembamba wa mbio, mstaafu wa mashindano, bei chee, na mwenye mali anakwambia anakimbia kilomita 70 kwa saa. Ni kweli anakimbia. Ila hapo ndipo nilipoingia mkenge mimi mwaka wangu wa kwanza huku Durham, kaskazini mwa England, na mfuko wangu bado unakumbuka.

Nilichukua wa namna hiyohiyo. Mrefu, mweusi, anang'aa kama kiatu cha askari, kila mtu akipita anageuka. Asubuhi ya kwanza shambani kuna ukungu kidogo, sungura katoka hatua kama thelathini hivi kutoka tulipo, nikamwachia. Aisee, vile anavyotoka! Nyasi zinaruka nyuma yake kama mtu anachimba. Sungura hakupaniki hata kidogo, alikimbia moja kwa moja mpaka mbwa anakaribia kumgusa mkia, akakata kushoto akapenya chini ya michongoma akaingia shimoni. Mbwa hakuweza kukata. Kilo thelathini na zaidi, mwendo ule, atasimamia nini? Akaenda mzimamzima kwenye seng'enge. Nikasikia mlio mmoja tu. Nilipomfikia ngozi ilikuwa imefunuka kutoka begani mpaka ubavuni, imening'inia kama mfuko wa koti uliochanika, nyama inaonekana, na yeye ananitingishia mkia. Nilivua jaketi nikamfunga, nikambeba mpaka kwenye gari, mikono inatetemeka. Daktari wa mifugo alimpiga nyuzi sikuzihesabu, bili nilihesabu, ilikuwa karibu mshahara wa wiki mbili. Alipona lakini sikumrudisha shambani tena, nilimpa mama mmoja mtu mzima anayekaa peke yake, mpaka leo analala kwenye sofa kama mfalme.

Ndo maana nakwambia usitafute spidi. Rabiti mwenyewe hana mbio za greihaundi, na haendi kula mbali na shimo lake, mita ishirini, thelathini, hamsini akijisahau. Shughuli yote inaisha ndani ya sekunde tatu nne. Anayekamata ni yule anayeondoka haraka, anayekata kona, anayeinamisha kichwa akaokota bila kujikwaa. Greihaundi anataka uwanja kama wa ndege ndo achanganye.

Nimesema rabiti kwa makusudi, na hapa nisikilize vizuri maana hapa kuna polisi. Sisi neno letu ni moja, sungura ni sungura, hata yule wa hadithi za bibi hakuna aliyeuliza ni wa aina gani. Huku wana wawili na sheria inawatenganisha. Kuna rabiti, mdogo, kahawia, mkia mweupe kwa chini, anachimba mashimo na wanaishi ukoo mzima humohumo. Halafu kuna hea, mkubwa, miguu mirefu, masikio yana ncha nyeusi, huyo hachimbi, anajilaza tu kwenye kijibonde cha nyasi na akiondoka anaondoka kweli, shamba zima na la jirani. Kwa taarifa yako yule tuliyekuwa tunamkimbiza utotoni Handeni ni ndugu wa huyu hea. Sasa England na Wales tangu tarehe 18 Februari 2005 kumkimbiza hea na mbwa ni kosa. Rabiti kaachwa, unaruhusiwa, sharti mwenye ardhi awe amekubali. Na mwaka 2022 wakakaza zaidi kwa wanaoingia mashamba ya watu na mbwa kutafuta hea, mpaka miezi sita jela na faini isiyo na kikomo, na mahakama inaweza kukuzuia kufuga mbwa.

Sasa wewe uko wapi? Lincolnshire! Kwenye tambarare lote lile lililojaa hea, ambako polisi wana operesheni yao maalum kabisa ya hao watu, wanaiita Galileo. Halafu uonekane wewe, sura yako hiyo, saa nne usiku, tochi mkononi, na limbwa lirefu kwenye kamba. Utaeleza mpaka asubuhi. Kwa hiyo neno la bosi peke yake halitoshi, mwambie akuandikie karatasi, jina lake, mashamba gani, rabiti tu, na sahihi. Tia kwenye mfuko wa nailoni ikae kwenye jaketi daima. Mimi yangu imeshaombwa mara mbili, na mara zote mbili tumeachana kwa kupeana mikono.

Na kwa sababu hiyohiyo ukisikia mtu anakuuzia mbwa mwenye damu ya saluki, kimbia. Sio mbwa mbaya, Waarabu wamewindia hao miaka na miaka, pumzi yao haiishi, lakini huku pumzi hiyo wanaitaka watu wa hea, na akishaona kitu kinakimbia masikio yanaziba, unaweza kupiga mluzi mpaka meno yatoke.

Unachotaka wewe kinaitwa lacha. Sio kabila la mbwa, ni machotara, mmoja wa mbio kama wipeti au greihaundi anachanganywa na mwingine wa kazi, koli wa kuchunga kondoo, au teria, kale kadogo kakali ka kuingia mashimoni. Kwa mtu anayeanza mimi nitasema wipeti na teria wa Bedlington, na usidhani navutia kwangu kwa sababu Bedlington ni kamji kapo hapa juu Northumberland, la. Wipeti anakupa mwondoko na kona, ndo huyo wachimba makaa wa pande hizi walikuwa wanamshindanisha zamani, mtu anasimama mwisho wa uwanja anapunga kitambaa mbwa anakikimbilia. Bedlington anakupa nywele ngumungumu, ambazo mwiba na seng'enge haviingii kirahisi, na anakupa roho ya kuingia kichakani wipeti mtupu anakosimama nje analalamika baridi. Urefu wa goti lako kupita kidogo, kilo kumi na mbili mpaka kumi na tano. Mdogo wa kuruka naye uzio, mdogo wa kumlisha. Chotara wa koli naye ana akili sana, ila akili ikizidi kwa bosi asiye na uzoefu utakuta wewe ndo unafundishwa.

Chukua jike. Hapa watu watabishana mpaka kesho, ila majike niliyokuwa nayo yametulia mapema na hayana mambo ya kugombana.

Halafu usichukue kitoto cha mbwa. Najua watoto watalia wanataka kitoto. Kitoto unamleta sasa hivi, mpaka mwaka huwezi kumkimbiza kwa nguvu, mifupa bado haijafunga, ukimrusharusha vizuizi unamharibu viungo maisha, na mwaka mzima huo wewe na yeye wote hamjui kitu. Tafuta wa miaka miwili mitatu aliyeanzishwa, anajua kazi, anauzwa labda mwenyewe kaumwa mgongo au kahamia fleti. Huyo atakufundisha. Wa kwangu huyu wa pili nilimpata hivyo, kwa mzee jirani aliyekuwa mchimba makaa, mapafu yamemchosha. Nilipofika nikaanza kumkagua miguu, kifua, kujifanya mjuzi, mzee kaniangalia akasema mwachie pale uwanjani tembea zako, halafu muite. Nikamuita. Akaacha kunusa alichokuwa ananusa, akaja mbio, akakaa mbele ya buti langu. Mzee akasema basi, mengine yote ni mapambo.

Kwa hiyo ukienda kuona mbwa fanya hivyohivyo, muite. Muite akiwa anafanya kitu kitamu. Halafu mpitishe karibu na kondoo akiwa kwenye kamba uone macho yake, maana mkulima akimkuta mbwa anasumbua kondoo wake na hakuna njia nyingine ya kumzuia sheria inamlinda akimpiga risasi, hapo hakuna rufaa. Angalia miguu ya mbele, vidole, kucha, mbwa wa mbio anakufa kwa vidole. Uliza chipu ya utambulisho chini ya ngozi ipo na jina la nani, huku ni lazima tangu 2016. Na ukiona mtu anataka mkutane kwenye paking ya supamaketi, geuza gari. Kama shemeji atashinda na mkachukua kitoto, basi mkamuone na mama yake palepale alipozaliwa, tangu 2020 England hairuhusiwi dalali kuuza vitoto vya chini ya miezi sita.

Nikuambie starehe yenyewe iko wapi? Sio kwenye mbio. Huyu wangu, kadogo rangi ya majivu, tukifika kwenye mashimo anapunguza mwendo, anainua mguu mmoja wa mbele, anainamisha kichwa upande kama mtu anasikiliza redio ya jirani. Akipita shimo, hakuna mtu ndani. Akisimama akageuza kichwa, wapo. Hajanidanganya hata mara tatu. Hapo natandaza vinyavu juu ya kila tundu, namuingiza fereti, kale kamnyama karefu ka ukoo wa vicheche, halafu tunanyamaza wote. Unasikia ardhi inadunda chini ya miguu, du du du, halafu wavu unaruka. Anayekosa wavu ndo wa mbwa. Tunafanya hivyo kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, majani yakiwa yamepungua. Usiku wa kuwinda kwa kumulika tochi ni mambo mengine, unataka giza bila mwezi na upepo unakupiga usoni, ila usianze nao. Mbwa mgeni na bosi mgeni gizani ni seng'enge tu mnatafuta.

Ukikuta rabiti kavimba macho kakaa tu hakimbii, ule ni ugonjwa uliofika huku 1953 ukafagia karibu wote, mmalizie mateso haraka na usimle, usimzoeze mbwa kuokota vya bure.

Sasa lile swali lako la mwisho ulilolisema kwa sauti ya chini. Mimi si ustadhi, muulize wa msikitini kwenu, ila nilivyofundishwa mbwa aliyefunzwa unamtuma kwa bismillahi, na akila mawindo basi kajikamatia yeye, wewe usile. Ndo maana mimi nataka mbwa mwenye mdomo laini. Huyu ananiletea rabiti mzima mzima, hai, anapepesa macho, namchinja mwenyewe na hakuna mjadala. Na kuhusu nyumba, sisi Mashafii unajua habari ya mate yake, mara saba na moja ni udongo, kwa hiyo mwambie shemeji asiwe na presha, mjengee banda zuri uani, lenye sakafu iliyoinuka, majani makavu mengi, na mnunulie kikoti maana hawana mafuta mwilini hawa. Vyombo vyake mbali. Na usiache nyama mezani mlango ukiwa wazi, hawa ni wezi wa kuzaliwa, wangu aliondoka na paja zima la mbuzi siku ya Idi na mpaka leo hajaonyesha majuto.

Fanya hivi, Jumamosi ya tarehe nane niko ofu. Kuna jike la miaka miwili na nusu upande wa Bishop Auckland, mwenyewe anahamia kwa binti yake, nimeshaongea naye akasema hatalitoa mpaka atuone. Panda treni ya asubuhi, nitakupokea Darlington. Njoo na gambuti, sio zile raba zako nyeupe, na kama yule Mpemba wa pale kwenu bado anauza pilipili mbuzi niletee nusu kilo, huku hazipo.

Na mpigie yule wa greihaundi leo, umwambie umeghairi.

Nduguyo wa Durham