Makaa ya udi nimeyatoa

Langoni, Lamu
Januari

Shoga yangu,

Salamu nyingi kama mchanga wa Shela. Sisi huku wazima, kaskazi inavuma na joto halisemeki, hata punda wanagombania kivuli. Najua nimekunyamazia tangu Maulidi. Nitukane baadaye, maana mzigo wako wa Chicago unavuka Mokowe kesho alfajiri na sijaufunga.

Mamako alikuja jana baada ya alasiri. Kaleta halua, achari ya maembe, leso mbili, na soksi za pamba dazeni nzima. Chini kabisa, kimeviringwa ndani ya leso, nikakuta chetezo na paketi mbili za makaa. Namuuliza, haya ya nini? Akasema, "Mwanangu kanambia hita ya chumba imekufa. Awashe kidogo alale na joto, na udi unukie."

Makaa nimeyatoa. Usinigombeze, na usiende kuyanunua huko. Hapa tunafukiza kila Ijumaa wala hatudhuriki kwa sababu nyumba zetu zinapumua: kiwanda, ule ua wa ndani, kiko wazi juu, madirisha hayazibi. Chumba chako cha Chicago kimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, basi na hewa ya makaa haitoki. Ile kaboni monoksaidi, hewa ya sumu ya makaa, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma kidogo, kichefuchefu, usingizi mtamu, na usingizi wenyewe ndio ule wa kutoamka tena. Na ukiwasha udi juu yake si ndiyo utalala unajisifu chumba kinanukia!

Mamako sikumweleza yote. Nilimwambia uwanja wa ndege hawataki makaa. Ukiongea naye usinivunjie.

Hita ikifa piga simu kwa wenye jengo siku hiyo hiyo, wakikuzungusha kalale kwa mwenzio. Najua utaona haya. Mimi pia niliona haya, ndiyo nikapata nililopata.

Hujawahi kunisikia nikilisimulia hili. Januari 2019, ile wiki Chicago ilishuka zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, vyuo vikafungwa, wafanyakazi wa treni wakawa wanawasha moto kwenye reli ili njia zisigande. Nami nilikuwa huko, nikaona haya kumwomba jirani, nikatoka kununua mkate! Nimevaa suruali ya jinzi, mtandio mwembamba, na vile vipuli vya dhahabu vya bibi. Basi halikuja. Simu ilikuwa na chaji zaidi ya nusu, ikazima ghafla mkononi, baridi inanyonya betri. Sikio liliuma, kisha likaacha kuuma, nikafurahi kwamba nimezoea. Kumbe ndiyo ganzi. Nilipofika ndani, ndewe imekuwa nyeupe na ngumu kama nta ya mshumaa, na kipuli bado cha baridi. Nikaisugua. Usisugue kamwe! Ngozi iliyoganda ukiisugua unaichubua. Ilitakiwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, si ya moto, maana pale pa ganzi hutajua kama unaungua. Kesho yake malengelenge. Mpaka leo sikio hilo likipigwa na upepo wa bahari linanitekenya.

Kwa hiyo vua vipuli, hata vile vidogo. Simu iweke ndani, karibu na mwili. Soksi za mamako ni za kulalia tu, pamba ikilowa jasho inakugandisha; nunua za sufu. Na glavu, chukua zile za kifuko, vidole vinne vikae pamoja vipashane moto. Ule mtandio wako mzito vaa chini ya kofia. Wenzako watakuonea wivu. Kwenye steji za treni kuna taa za joto, unabonyeza kitufe, simama chini yake bila aibu, hata wenyeji wanasongamana kama kuku.

Ukimwona mwenzio anatetemeka, anaongea kama mlevi, au ametetemeka kisha kaacha na bado yuko baridini, usimwache aketi apumzike. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, piga 911, simu ya dharura ya huko.

Hee, nimekuwa daktari. Yule wa Mkomani kaposa tena, nitakuandikia mbali, karatasi haitoshi.

Sasa nijibu. Hita imetengenezwa? Dirisha lako lina ufa, au barafu inaota kwa ndani? Koti lako linafika magotini au ni lile la kujionyesha? Kuna mtu anajua saa unayorudi kutoka maktaba usiku? Na ile kazi ya jikoni, unarudi kwa miguu? Kidole ulichosema kinawasha, ni kipi, na kina rangi gani? Nitumie picha leo, usingoje Ijumaa.

Chetezo nimekuachia. Kitie karafuu, au funguo.

Shoga yako wa sikio moja