Kazi za mawasiliano zipo, ila zimehama ofisi

Mhariri,

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, wazazi na vijana wa Dodoma, Manyoni na Singida huuliza lile lile: uhandisi wa elektroniki na mawasiliano bado una ajira? Vijiweni wanajibu kwamba fani imejaa. Benchi la wanaosubiri kuitwa na kampuni za simu limejaa kweli, hilo halina ubishi. Mitandao mikubwa iliuza minara yake kwa kampuni za minara, matengenezo yakaenda kwa wakandarasi, na mhitimu anayengoja barua kutoka makao makuu ya mtandao anabisha hodi nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Kazi nyingi sasa zinapita hapa hapa Kanda ya Kati. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, hupata ruhusa ya kusonga mbele kwa njia ya redio, kupitia ERTMS, mfumo wa kuongoza treni, na GSM-R, mtandao wa simu wa reli. Mawasiliano yakikatika kupita muda uliowekwa, mfumo wenyewe unaweza kushika breki. Njia ya umeme ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ina vituo vya kupoza umeme ambavyo lazima vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe hitilafu inapotokea. Mtumba, kwenye mji wa serikali, kuna wizara zinazohitaji mtandao wa ndani, kamera, na vyumba vya seva ambavyo umeme wake haukatiki.

Ila kazi hizi hazitosheki na cheti. Chukua faiba, uzi wa kioo unaobeba mawasiliano kwa mwanga. Uzi wake una unene wa mikromita 125, na njia ya mwanga katikati ni kama mikromita 9 tu. Greda likiukata, unaanza kwa kuingiza kijibomba cha kinga, ndipo unavua maganda, unafuta kwa pombe ya isopropili, unakata kwa kikatio maalumu ili ncha iwe mraba, kisha mashine inayeyusha ncha mbili zishikane. Anayeanza husahau kijibomba na kushtuka uzi umeshaunganika. Hapo hakuna dawa ila kukata na kurudia. Kiungo kizuri hupoteza mwanga wa desibeli 0.05 au pungufu. Kikizidi 0.1, rudia. Upepo wetu unaleta vumbi, na punje moja kwenye ncha inatosha kuharibu kiungo, ndiyo maana kazi hufanyiwa ndani ya gari au hema hata jua likiwaka. Tena mashine iliyotoka Dar es Salaam lazima cheche yake ya kuyeyushia uzi ipimwe upya ikifika hapa, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi na kavu. Hatua hiyo ni ya dakika chache. Wengi huiruka, halafu lawama zinaiangukia faiba.

Madishi ya kurusha mawasiliano kutoka mnara hadi mnara nayo yanataka hesabu. Mawili ya mita 1.2 yakitazamana umbali wa kilomita 30 kwa gigahezi 7, mawimbi hupoteza desibeli 139 hivi njiani. Redio ikitoa nguvu ya 25 dBm na kila dishi likiongeza desibeli 36, upande wa pili hupokea takriban -42 dBm. Kama redio inapoteza mawasiliano nguvu ikishuka hadi -70, unabaki na akiba ya desibeli 28. Kwenye karatasi imekubali. Lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, katikati ya njia mgongo wake unainuka kama mita 13, na mawimbi yanadai nafasi nyingine ya mita 11 chini ya mstari. Anayeitazama Bahi akadhani tambarare haina kikwazo, mbuyu mmoja tu unaweza kumlia akiba yote.

Linalotesa kuliko yote huku ni athi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini. Rodi moja ya chuma iliyopigwa ardhini, ya mita 2.4, unene milimita 16, kwenye udongo wa omu-mita 300, hutoa ukinzani wa karibu omu 120, wakati mikataba ya minara kwa kawaida hudai usizidi 10 au 5. Na rodi nne haziishushi ikawa 30, kwa sababu zilizo jirani huingiliana. Tarajia kama 40 hivi. Inabidi kuzungushia msingi waya mtupu wa shaba na kufukia bentonaiti, udongo unaoshika maji. Kuna wanaomwaga chumvi: kipimo kinashuka siku ya kukabidhi kazi, mvua inakuja kuisomba chumvi, na inayobaki inakula chuma cha rodi na viungio. Ujanja mwingine ni kupima Februari, ardhi imelowa. Pima Oktoba. Radi za mvua za kwanza hazisubiri udongo ulowane, na mnara wenye athi mbovu ndio unaounguza redio kila msimu, kisha mkandarasi anaambiwa vifaa ni feki.

Kuhusu kuingia: shahada inadai ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati ya kidato cha sita, na mwenye pengo la Hisabati asijidanganye kwamba atalifukia chuoni. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya uhandisi wa mawasiliano, ya miaka minne. Wa kidato cha nne anaweza kuanza na stashahada ya miaka mitatu, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha kwa mfano, na njia hiyo inadharauliwa bure. Wakandarasi wa faiba wanamtafuta sana fundi sanifu aliyeshika mashine. Shahada haimpi mtu haki ya kujiita mhandisi kazini. Haki hiyo hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB): unajisajili kama mhandisi mhitimu, unafanya mafunzo ya kazini ya SEAP kwa miaka mitatu chini ya mhandisi msimamizi, na kila kazi unaiandika na kusainiwa. Usingoje upate ajira ya kudumu ndipo ujisajili.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza chuo: wanafunzi wangapi wanashiriki mashine moja ya kuunganisha faiba? Kipo kifaa cha kupima umbali wa mkato kwenye uzi? Kipima athi je? Na fildi ni wiki ngapi kila mwaka, kwa kazi gani? Mwanafunzi anayemaliza wiki nane akitengeneza printa za ofisi amepoteza wiki nane.

Vyuo vya hapa navyo vianze na kitu kidogo: Oktoba, kabla ya mvua, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu akapime athi ya jengo moja la chuo chake na kuandika namba aliyoipata ubaoni.

Mhandisi wa mawasiliano,
Dodoma