Maandalizi ya Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Ndugu zangu wanafunzi tuliowahi kutumikia jeshi, habari za masomo?

Jumamosi tutakutana katika makaburi ya kitaifa ya Fort Snelling, Minneapolis, saa 3:00 asubuhi kwa saa zetu za Kiswahili. Nasisitiza hilo kwa sababu mwaka jana wenzetu wawili walifika alasiri, pilau ikiwa imekwisha.

1. Kila mmoja alete ndoo ndogo, glavu na brashi laini. Mawe ya makaburi tutayaosha kwa maji matupu, bila dawa ya madoa wala brashi ya waya, ambavyo huharibu marumaru.

2. Mchango wa chakula ni dola 15, umfikie mweka hazina kabla ya Jumatano, tarehe 5, saa 2:00 usiku. Aliyebanwa na ada aniandikie faraghani, naye aje bila wasiwasi.

Saa 7:00 mchana tutakula nyumbani kwangu pamoja na familia. Kabla ya chakula tutawakumbuka pia wapagazi wa Afrika Mashariki wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walioliachia soko la Kariakoo jina lake (kutoka Kiingereza "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi), kwani huko vita havikuisha tarehe 11 Novemba 1918: Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani huko, alisalimu amri rasmi tarehe 25, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Jumatano kwa kuandika "Nitafika" au "Sitaweza", idadi ya mtakaokuja nao, na wenye magari wataje viti vilivyo wazi.

Wenu,
Katibu