Wifi, usisubiri azoee

Wifi yangu,

Uliniuliza kaka yangu atazoea lini zamu za usiku. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wapo wake, waume na wazazi wengi wenye swali hilohilo, nami ninayekesha wodini naulizwa kila mara. Jibu lenyewe ni fupi: hatazoea. Najua si ulichotaka kusikia. Lakini nyumba inayosubiri mtu azoee huishi kwa kununiana, na nyumba iliyokwisha kata tamaa ya hilo huanza kujipanga.

Wanaokuambia "mpe muda" wanakutakia mema tu. Ndani kabisa ya ubongo kuna kifungu kidogo cha seli kinachoendesha saa ya mwili, na kinachoirekebisha saa hiyo zaidi ya kitu kingine chochote ni mwanga. Rosta ya kazini haihusiki. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Sasa mtazame mumeo. Anatoka zamu asubuhi, jua linampiga usoni njia nzima, na ubongo wake unapata habari moja: kumekucha. Melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, imekwisha shuka. Halafu ndipo anapanda kitandani. Ndiyo maana unamwona kaamka saa sita mchana, macho mekundu, ukadhani ameshiba usingizi. Usingizi wa mchana baada ya zamu mara nyingi hupungua kwa saa moja hadi nne ukilinganisha na wa usiku, hata chumba kikiwa kimya. Na wengi waliokesha kwa miaka, saa yao ya ndani haijageuka kikamilifu, kwa kuwa siku za mapumziko hurudi kuishi mchana pamoja na nyinyi. Nani atawalaumu?

Umesema amekuwa mkali, anafokea watoto kwa kitu kidogo. Hajakuchoka, wifi. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya mambo kama aliyekunywa pombe hadi asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi zinamkataza mtu wa kiwango hicho kushika usukani. Akiamka mchana na kutoka zamu asubuhi ya pili, mumeo amepita hapo. Kwa hiyo ada za shule, maneno ya mama, fundi aliyekimbia na hela, yote hayo yasimpokee mlangoni akivua viatu. Mwache alale, aamke, akili irudi, ndipo umkalishe. Sisemi uvumilie matusi. Ukali una mpaka wake, na umwambie dada yake ndiye aliyesema. Nasema mchague saa. Na kama anaendesha gari mwenyewe kurudi nyumbani, hilo linanitisha kuliko ukali wake. Asilale kwanza kidogo kazini kwa aibu ya nini? Dakika 20 kabla ya kushika usukani haziibi mshahara wa mtu.

Usingizi wake wa mchana ndipo penye vita vyote. Tatizo kubwa si kelele, ni hili neno "yupo nyumbani". Akionekana yupo, basi anaweza kutumwa, kuamshwa, kuulizwa. Wewe ungemwamsha mtu saa nane usiku kumuuliza ufunguo wa stoo uko wapi? Basi saa nne asubuhi ndiyo saa nane yake ya usiku. Waambie hivyo majirani, waambie wakwe, na mimi nitawaambia wa upande wetu, maana najua ni sisi tunaopiga simu ovyo. Pazia liwe zito kiasi kwamba mkono hauonekani. Simu ikae nje ya chumba, na wewe uwe na namba ya kazini kwake iwapo wanamtafuta kwa jambo la dharura. Watoto wakubwa wataelewa wakiambiwa kwamba huu ni usiku wa baba. Wadogo hawataelewa, na si haki wewe ushinde ukiwaziba midomo kutwa. Siku zenye zamu mfululizo watoke, waende kucheza kwingine, au yeye ndiye aende kulala kwa ndugu mwenye nyumba tulivu. Watu wataona ajabu mume kwenda kulala kwa dada yake mchana. Waone.

Kuna njia moja nimeona inaokoa nyumba nyingi: kuugawa usingizi. Alale kwa muda wa saa nne au tano hivi mara anaporudi, aamke, ale nanyi, awaone watoto wakitoka shule, kisha alale tena kwa muda wa saa moja na nusu kabla ya kuingia kazini. Si kila mwili unakubali. Ukikubali, mnapata alasiri yenu, naye anaingia zamu akiwa na akiba. Asubuhi avae miwani ya jua akirudi, asije akaupa ubongo ile habari ya kumekucha.

Chakula nitapita haraka. Mwili wa usiku hauhimili sukari kama wa mchana, hivyo mlo mkubwa aule kabla ya kuondoka, na usiku wa manane ale kidogo. Kahawa ni mwanzo wa zamu tu: saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, na anayekunywa saa kumi alfajiri anainywea kitanda chake.

Kuhusu saratani, kwa kuwa najua umesoma mahali ukashtuka. Ni kweli, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, mwaka 2007, likarudia uamuzi huo 2019 kwa kazi ya usiku. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari kwa mtu mmoja. Nyama nyekundu nayo imo humo. Mimi ningehangaika kwanza na presha, sukari na moyo, ambavyo hupimika leo. Mkataba namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unampa mfanyakazi wa usiku haki ya kupimwa afya bila malipo, kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye akiomba. Si kila nchi imeuridhia, lakini aulize kazini. Kuuliza si ugomvi. Aulize pia kama zamu zinaweza kuzunguka kwenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku. Kuchelewa kulala ni rahisi kwa mwili kuliko kuwahi, na kwa mwajiri mara nyingi ni suala la kupanga upya karatasi tu.

Nawe je? Hakuna aliyekuuliza unalalaje peke yako, unaamkaje kila mlango unapogonga. Mumeo akimaliza kusoma haya, ajue kwamba amechoka yeye na umechoka wewe, na uchovu wake haukufuti wako. Muwe na mlo mmoja kwa siku mnaokaa wote, hata kama kwake ni chakula cha jioni na kwako ni chai ya asubuhi. Sherehe zote hataziweza. Chagueni zile asizokosa, aombe kubadilishana zamu mapema. Mambo ya chumbani siyaandiki, watoto wanasoma humu, ila hamu nayo huchoka ikikosa usingizi, usianze kutafuta mwanamke mwingine asiyekuwepo.

Rosta ya mwezi ujao ikitoka, ipige picha unitumie. Nitailinganisha na yangu, tuone siku zipi nakuja kuwachukua watoto ili naye alale, na wewe ulale pia.

Wifi yako