YAH: KUFUNGA MUHULA, MAONESHO YA HESABU NA VIZIBO VILIVYOIBWA

Ndugu wazazi na walezi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umeisha salama. Ripoti mtazichukua kwa walimu wa madarasa, na tarehe ya kufungua iko kwenye ubao wa matangazo.

Mliofika siku ya wazazi mlijionea wenyewe darasa la kwanza. Ambao hamkufika nawasimulia ili mjue mlichokosa. Afisa Elimu Kata aliwaambia watoto, "Nionesheni nane." Nadhani alitarajia tarakimu ubaoni. Binti mmoja akanyoosha vidole vitano vya mkono huu na vitatu vya mkono ule. Mwenzake akapanga vizibo, vinne juu na vinne chini. Wa tatu akachukua kipande cha trei ya mayai chenye mashimo kumi, akajaza vizibo, kisha akaonesha mashimo mawili yaliyobaki matupu: "Kumi, ila viwili havijaja." Watu wakacheka, lakini mtoto yule alikuwa anafanya hesabu ya kutoa pasipo kuandika alama yoyote. Wa mwisho, ambaye mama yake anauza vitumbua, yeye nane yake ilikuwa mia nane: sarafu ya 500, ya 200 na ya 100. Mgeni rasmi alisahau hotuba yake, nami sikumkumbusha.

Hiyo ni kazi ya walimu wetu wa darasa la kwanza na la pili, na haikutugharimu hata senti. Trei ya mayai 30 ukiikata vizuri inatoa vipande vitatu vya mashimo kumi kumi, kila kipande safu mbili za matano. Darasa la pili wanafunga njiti kumi kumi kwa mpira, zinazobaki wanaziweka pembeni, ndipo wanahamia kwenye abakasi ya makumi na mamoja. Muhula ulipoanza wapo walioandika kumi na nne hivi: 104, kwa kuwa wanasikia kumi, halafu nne. Mtoto aliyeshika fungu moja na njiti nne mkononi mwake haandiki hivyo tena.

Ndiyo maana sikufurahi mzazi mmoja alipokuja kufoka mlangoni kwa mwalimu kwamba mwanawe "anachezea takataka" badala ya kujaza daftari. Mtoto huyo anaimba moja hadi mia kama kasuku. Tulimwekea vizibo 13 mezani, mbele ya mzazi wake, akashindwa kutuambia ni vingapi. Na ninyi mnaowafanyia watoto kazi za nyumbani, miandiko yenu tunaijua. Mwalimu akiagiza mtoto achore 12 kwa njia tatu, mwacheni achore, hata akichora maembe yasiyofanana na maembe.

Sasa vizibo. Ndoo ya darasa la kwanza ilijaa mwanzoni mwa muhula. Leo ina vizibo vya kuhesabika kwa vidole. Wavulana wa darasa la sita wamekiri kwamba walivichota kidogo kidogo kwa ajili ya drafti, na bao moja linakula vizibo 24. Hao wameadhibiwa na wanajua walichofanya. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba vingine nimevikuta kijiweni, bado vina rangi nyekundu aliyoipaka mwalimu, chini ya vidole vya watu wazima, tena wengine ni wazazi wa shule hii. Walinisalimia "Shikamoo mwalimu" huku wakila kete za watoto wao! Vizibo hivyo virudi kabla ya kufungua shule. Wavulana wale watakuja na wazazi wao, si kaka wala jirani.

Mchango wa uji tulikubaliana kwenye mkutano, mikono ikanyooshwa, muhtasari upo. Zaidi ya nusu hamjatoa. Wanaotoa wanawalisha watoto wa wasiotoa, kwa sababu sitamnyima mtoto wa miaka sita kikombe cha uji kwa kosa la baba yake. Lakini majina nitayasoma mkutanoni. Na siku ya mnada si sikukuu: madawati ya nyuma yanabaki matupu kila wiki, watoto wako sokoni wanalinda nyanya.

Sare na nywele, kama kawaida.

Kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili aje na trei moja tupu ya mayai na njiti za kutosha kufunga mafungu mawili.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule
Nakala: Kijiweni, ibandikwe