Unataka breki ya diski kwenye baiskeli ya gia ya zamani? Anza na gurudumu la mbele

Masika yakikaribia, maswali ya diski huongezeka hapa karakana yetu Moshi. Anayeshuka kutoka Marangu hadi Himo, ringi zimejaa tope, anajua sababu: unabana breki, baiskeli inaendelea kwenda kana kwamba haijaambiwa kitu, mpaka raba zifute maji na tope ndipo zianze kushika. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa badala ya ringi; inakaa katikati ya gurudumu, tope haliifikii kirahisi, na wala haili ringi.

Basi jibu letu, kabla hujatoa hela: mbele inawezekana kwa baiskeli nyingi, nyuma mara nyingi tunakataa, na zipo baiskeli ambazo hazihitaji diski hata kidogo.

Tuanze na nyuma, maana hapo ndipo tunapobishana na wateja. Breki ya ringi kwenye gurudumu la namba 26 inashika karibu sentimita 28 kutoka katikati ya ekseli. Diski ya milimita 160 inashikwa chini ya sentimita 8 kutoka hapo hapo. Ili kusimamisha baiskeli ile ile, diski lazima ibanwe kwa nguvu zaidi ya mara tatu, na nguvu hiyo yote inapokelewa na bomba jembamba la nyuma upande wa kushoto. Fremu iliyotengenezwa kwa diski ina masikio ya kufungia kalipa (kibano kinachobana diski) na bomba lililoimarishwa kwa kazi hiyo. Fremu ya zamani haina vyote viwili.

Wengine wanatuambia, "Fundi, si uchomelee tu kipande cha chuma?" Kama fremu ni ya aluminiamu, hapana. Aluminiamu ya fremu hupikwa kiwandani baada ya kuchomelewa ili iwe ngumu. Ukiichoma tena mtaani, pale ulipochoma panakuwa laini, na hapo ndipo patakapopasuka, tena huenda ukiwa kwenye mteremko. Fremu ya chuma inavumilia zaidi, ila mabomba yake ni membamba na sikio likikaa mshazari kidogo tu kalipa itasugua diski siku zote. Kuna vyuma vya kufunga kwa bolti vinavyouzwa kwa kazi hii. Tulivyovikuta kwenye baiskeli za wateja vilikuwa vimeanza kucheza, na rangi ya fremu imeshasagika chini yake. Hatuvifungi.

Habari njema ni kwamba nyuma si mahali pa kuumiza kichwa. Ukifunga breki, uzito unakwenda mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Diski mbele na V-breki (breki ya ringi yenye mikono miwili mirefu) nyuma ni mchanganyiko mzuri kabisa, hata kwa anayebeba mkungu wa ndizi.

Mbele tunabadilisha foko, hatuichomelei. Foko ya diski ina masikio yake kwenye mguu wa kushoto: matundu mawili yaliyoachana milimita 51, au 74 kwa aina ya pili. Tunapima kwanza bomba linaloingia kwenye shingo ya fremu. Baiskeli nyingi za gia za miaka ya 1990 kuja juu zina inchi moja na moja ya nane. Za nyuma zaidi zina inchi moja, na hizo kuzipatia foko ya diski ni shughuli. Kama foko yako ina nyuzi na nati kubwa juu, utabadilisha pia beringi za shingo na kishikio cha usukani. Na usitamani foko yenye shokapu ndefu kama za baiskeli mpya. Fremu iliyozoea shokapu inayobonyea milimita 80 ukiipa ya 130, pua inanyanyuka, usukani unachelewa kuitikia, na shingo ya fremu inabeba mzigo usio wake.

Ringi yako ya zamani ikiwa nzima tunaisuka upya kwa habu (kitovu cha gurudumu) ya diski yenye idadi ile ile ya matundu, na spoki mpya zinazopishana. Spoki zilizonyooka moja kwa moja kutoka habu hazifai kwa diski. Ekseli ya mbele lazima ikazwe kweli kweli, kwa sababu diski ikishika inaivuta ekseli kutoka kwenye mdomo wa foko. Vile vijino vya usalama kwenye mdomo huo, tafadhali, usivisage ili gurudumu litoke haraka.

Kuhusu kalipa, kwa mazingira yetu tunapendekeza ya waya. Waya ukikatika, duka lolote la baiskeli linao. Za mafuta ni tamu mkononi, lakini Shimano wanatumia mafuta ya madini, na tumeshapokea breki zao zilizojazwa mafuta ya breki ya gari. Raba za ndani zinavimba na kuharibika. Jambo jingine ni mkono wa breki: Shimano walileta V-breki mwaka 1996, na mikono iliyotengenezwa kwa breki za kantileva (breki za ringi za zamani) kabla ya hapo inavuta waya kidogo. Ukiiunga na kalipa ya kawaida ya baiskeli ya mlima, utabana mpaka mkono ugonge usukani na hujasimama.

Sasa wale wasiohitaji. Pitisha ukucha juu ya ukuta wa ringi, pale raba inaposhika. Ukihisi umeingia ndani kama bonde, ringi imeliwa na inaweza kupasuka. Hiyo ibadilishe hata kama huna mpango wa diski. Ukuta ukiwa sawa, mara nyingi tatizo ni waya wenye kutu na raba zilizokauka. Waya mpya na gamba lake, raba laini nzuri, ringi iliyosuguliwa ikatakata, na wengi wanaahirisha diski wenyewe.

Ukishafungiwa, siku ya kwanza tafuta barabara tambarare, kimbia kiasi, punguza mwendo taratibu bila kusimama, urudie mara 20 hivi hadi pedi (vipande vya ndani ya kalipa vinavyobana diski) zishikane na diski. Na ile desturi ya kumwaga oili chafu kwenye cheni baada ya kuosha: tone moja likifika kwenye diski, pedi zimekwisha.

Kabla ya kuja, tupigie picha tatu: mguu wa kushoto wa foko, shingo ya fremu kwa juu, na mkono wa breki. Kama breki na gia zimeungana kwenye mkono mmoja, tuambie mapema, maana ukitaka breki za mafuta utalazimika kununua na vibadilishia gia.